Portal 2: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maoni ya wachezaji

Portal 2 ulitoka mwaka 2011, na bado kila siku kuna mtu anayeuanza kwa mara ya kwanza na mwingine anayebishana juu yake kwa mara ya mia. Haya ni maswali ninayokutana nayo zaidi, pamoja na majibu ya pande zinazobishana. Pale nilipo na msimamo nimeusema waziwazi, kwa sababu mchezo huu naupenda na sioni faida ya kujifanya sina upande. Maswali yanayofichua mwisho wa hadithi yamewekwa chini kabisa, na utaonywa kabla hujayafikia.

Ni mchezo wa aina gani?

Ni mchezo wa mafumbo unaouona kupitia macho ya mhusika mwenyewe. Unashika kifaa kinachofyatua malango mawili, moja la buluu na jingine la chungwa. Ukiingia kwenye moja unatokea kwenye jingine, na kasi uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Ukijirusha kutoka juu sana ukatumbukia kwenye lango lililo sakafuni, utachomoka kwa nguvu ileile kwenye lango lililo ukutani na kuvuka shimo ambalo kwa miguu usingelivuka kamwe. Karibu kila fumbo limejengwa juu ya kanuni hiyo.

Wewe ni Chell, mwanamke aliyenaswa ndani ya maabara kubwa ya Aperture Science. Anayekuendesha kama panya wa majaribio ni GLaDOS, kompyuta yenye sauti ya upole na chuki isiyoisha. Mchezo wa kwanza ulitoka Oktoba 2007 ndani ya kifurushi cha The Orange Box, na huu wa pili ukafuata Aprili 2011. Yote miwili ni kazi ya kampuni ya Valve ya Marekani.

Ni lazima nimalize wa kwanza kabla ya huu?

Si lazima, ila fanya hivyo. Wa kwanza ni mfupi, saa tatu au nne tu, na bila yake hutaelewa kwa nini GLaDOS ana kinyongo nawe. Akizinduka katika mchezo wa pili, jambo analokukumbusha karibu mara moja ni kwamba ulimuua. Aliyecheza wa kwanza anacheka na kusisimka kwa pamoja, lakini asiyeucheza anaona roboti lenye hasira tu.

Watu wanasema unachekesha sana, mbona hadithi yenyewe ni ya kutisha?

Hili ndilo linalowashangaza wageni zaidi. Ukiieleza hadithi bila vichekesho vyake, ni habari ya mtu aliyelazwa usingizi wa miaka isiyohesabika, akaamshwa ndani ya jengo lililooza, na kulazimishwa kufanya majaribio yanayoweza kumuua, huku watu wengine wote waliokuwemo wakiwa hawapo tena. Hakuna anayekuja kukuokoa. Hata hivyo wachezaji wanaukumbuka kama mmoja wa michezo iliyowachekesha kuliko yote.

Siri iko kwenye sauti. Hakuna mhusika hata mmoja anayejua kwamba anachekesha. Mtangazaji wa maabara anasoma maelekezo ya maangamizi ya dunia kwa utulivu wa mhudumu wa hoteli. Mizinga midogo inayokufyatulia risasi ina sauti za watoto wapole, na ukiiangusha inakwambia haikuchukii. GLaDOS anatukana kwa namna ya mtu anayetoa pole. Ellen McLain, mwimbaji wa opera aliyeigiza sauti yake, anayasema maneno ya kuumiza taratibu sana, na unachelewa kidogo kutambua kwamba umetukanwa.

Waandishi walikuwa Erik Wolpaw, Jay Pinkerton na Chet Faliszek, na walichokiepuka kina uzito sawa na walichokiandika. Mzaha wa keki ambayo GLaDOS aliahidi, uliovuma baada ya mchezo wa kwanza, karibu haumo. Watu walikuwa wameurudia hadi ukachuja, na waandishi wakaacha kabisa kuutegemea. Kuna wachezaji walioona wamenyimwa kitu walichokizoea. Mimi nauheshimu uamuzi huo, kwani mwendelezo mwingi wa michezo huharibika kwa kuwarudishia mashabiki vichekesho vyao wenyewe.

Wapo pia wanaosema vicheko vimeua hofu. Katika mchezo wa kwanza kulikuwa na ukimya, vyumba vyeupe vitupu, na maandishi ya siri ukutani yaliyoachwa na mtu aliyepita kabla yako. Huu wa pili una maneno mengi, na ni kweli upweke ule umepungua. Wanaoupendea wa kwanza ukimya wake wana haki kusikitika.

Wheatley ni kipenzi au kero?

Inategemea unavumilia kiasi gani mtu anayeongea bila kupumua. Wheatley ni roboti la duara lenye jicho moja la buluu, na sauti yake ni ya mchekeshaji Mwingereza Stephen Merchant. Ndiye anayekuamsha mwanzoni, na anabwabwaja kama mtu aliyeingia kwenye usaili wa kazi bila kujiandaa. Kuna wachezaji waliochoka naye baada ya dakika ishirini. Walio wengi wanampenda, na wanaorudia mchezo mara ya pili humwona tofauti kabisa, kwani husikia wivu na woga uliokuwa umejificha ndani ya mizaha yake ya mwanzo.

Ni kweli mafumbo yake ni mepesi kuliko ya wa kwanza?

Kwa sehemu kubwa ya safari ya mchezaji mmoja, ndiyo. Lawama hii ndiyo yenye msingi zaidi kati ya zote, na sipendi kuona mashabiki wenzangu wakiipuuza.

Katika mchezo wa kwanza, kuta nyingi zilikubali lango. Kazi yako ilikuwa kuchagua, na kuna mahali ulihitaji kujua suluhisho na pia kuwa na vidole vyepesi: kufyatua ukiwa hewani, kugeuka, kufyatua tena kabla hujagonga sakafu. Katika wa pili, mambo mengi ya kasi yameondolewa au kulainishwa. Valve wanajulikana kwa kuwaketisha watu wa kawaida wacheze mchezo ukiwa bado unatengenezwa, kisha kurekebisha kila mahali wanapokwama. Ndiyo maana ni nadra sana kupotea. Kasoro yake ni kwamba mara nyingine fumbo linakuonyesha jibu. Ukiona kipande kimoja cha ukuta mweupe juu kabisa ya pango lenye giza, hakuna cha kufikiria. Unafyatua pale.

Kwa upande mwingine, vifaa vimeongezeka. Kuna madaraja ya mwanga unayoweza kuyapitisha langoni, mikondo inayokubeba hewani, miale ya kuunguza, sahani za kurusha watu, na jeli za aina tatu. Ya buluu inakudundisha, ya chungwa inakupa mbio, na nyeupe inageuza ukuta wowote ukubali lango. Wazo la jeli lilitokana na mchezo wa wanafunzi wa chuo cha DigiPen ulioitwa Tag: The Power of Paint. Valve waliwaajiri wanafunzi hao. Hata mchezo wa kwanza ulianza hivyohivyo, kutoka kazi ya wanafunzi wa chuo hichohicho iliyoitwa Narbacular Drop.

Tatizo ni kwamba kila kifaa kinatambulishwa taratibu, kinafundishwa kwa upole, na hadithi inapokaribia mwisho bado kuna michanganyiko mingi ambayo hukupewa nafasi ya kuijaribu. Mchezaji aliyekuja kutafuta ugumu anamaliza akiwa na njaa. Mimi naona mchezo uliuza sehemu ya ugumu wake ukanunua wahusika, na bei ilikuwa ya haki. Anayetaka ugumu wake urudishwe aende kwenye sehemu ya wachezaji wawili.

Sehemu ya chini ya ardhi, katikati ya mchezo, inachosha?

Swali hili huwagawanya watu kuliko mengine yote, nami nitalijibu kwa urefu kwa sababu naamini ndipo penye moyo wa mchezo.

Kufikia katikati unaanguka kwenye vilindi vya mgodi wa zamani wa chumvi ambako kampuni ilianzia. Vyumba visafi vyeupe vinatoweka. Badala yake kuna matufe makubwa ya chuma yenye kutu, ofisi za miaka ya 1950 na 1970 zilizofunikwa vumbi, na giza lenye kina usichoweza kukipima kwa macho. Unatembea sana. Wanaolalamika wanasema hapo mchezo unageuka kazi ya kusaka kipande kinachofuata cha ukuta mweupe, na kwamba masafa kati ya fumbo na fumbo ni marefu mno. Kuhusu mafumbo, nakubaliana nao kwa kiasi.

Lakini huku chini ndiko unakomsikia Cave Johnson, mwanzilishi wa kampuni, kwa sauti ya mwigizaji J.K. Simmons. Yeye humwoni akiwa hai. Unasikia kanda alizorekodi kuwakaribisha washiriki wa majaribio, na kadiri unavyopanda ghorofa moja baada ya nyingine, miaka inasonga. Mwanzoni, miaka ya 1950, anawakaribisha wanaanga, mashujaa wa vita na wanamichezo wa Olimpiki, na fedha zipo tele. Ukifika kanda za miaka ya 1970, anawakaribisha watu wasio na makazi, akiwaahidi dola 60. Baadaye hata hao hawapatikani, na wafanyakazi wake mwenyewe wanalazimishwa kuingia vyumbani. Mwishoni anasimulia kwamba alinunua mawe ya mwezini ya dola milioni 70 ambazo kampuni haikuwa nazo, akayasaga kutengeneza jeli, na unga huo ukamtia sumu. Anakohoa huku akiugeuza msemo wa Kiingereza kwamba maisha yakikupa ndimu utengeneze juisi, akiapa kulipiza kisasi kwa maisha yaliyompa ndimu.

Hakuna video, hakuna kitabu cha kumbukumbu unachofunguliwa ukisome. Anguko la kampuni nzima unalipata kwa masikio, huku ukifanya kazi ya kuvuka mapengo, na kuta zenyewe zinathibitisha anachosema: mabango ya zamani, vikombe vya tuzo, picha za wakubwa. Unacheka kila kanda, kisha unagundua kwamba umekuwa ukimsikiliza mtu akifa. Na pembeni yake kuna sauti ya katibu wake, Caroline, mwenye furaha, anayeitikia kwa heshima. Wakati huohuo GLaDOS, ambaye sasa akili yake imefungwa ndani ya betri ya kiazi, anasikiliza pamoja nawe, na kuna sauti anayoitambua kabla yako.

Ukinyanyua vichekesho hivyo ukaviweka kwenye mchezo wenye mafumbo mengi zaidi na matembezi machache zaidi, visingefanya kazi. Vinahitaji ile nafasi tupu ya kutembea. Kwa hiyo ninapoulizwa kama sehemu hii inachosha, nawashauri watu wapunguze mwendo na wasubiri kila kanda iishe kabla ya kuendelea. Wengi walioichukia walikuwa wakikimbia na kuikata sauti katikati.

Matusi kuhusu unene na kuasiliwa hayajavuka mpaka?

Kuna walioumia, na si haki kuwaambia kwamba hawajui mzaha. GLaDOS anamtukana Chell mara nyingi kwa mwili wake na kwa kuwa mtoto wa kuasiliwa. Mwaka 2011 baba mmoja wa Marekani aliyekuwa ameasili mtoto alilalamika kwenye televisheni baada ya kuyasikia maneno hayo akicheza na binti yake, na kilio chake kilienea kati ya wachezaji.

Upande wa pili unajibu kwamba matusi hayo yanatoka kinywani mwa mhusika mwovu aliyeshindwa, naye anashika lolote lililo karibu ili amchome mpinzani asiyejibu. Zaidi ya hapo, mchezo wenyewe unayarudia mambo haya baadaye. Wheatley anapoiga matusi yaleyale, GLaDOS ndiye anayemkatiza na kumuuliza kuna ubaya gani kuasiliwa, kisha anamwambia Wheatley kwamba Chell si mnene hata kidogo. Kwangu tukio hilo linabadilisha maana ya matusi yote yaliyotangulia. Lakini linakuja saa nyingi baadaye, na mtoto aliyeumizwa mwanzoni huenda asifike huko. Mzazi mwenye mtoto wa kuasiliwa acheze kwanza mwenyewe.

Kwa nini siku ya kwanza wachezaji wengine waliupa alama mbaya, ilhali wahakiki waliusifu?

Wahakiki waliupa wastani wa 95 kwa mia kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na wachezaji, na mwaka uliofuata ukatwaa tuzo za BAFTA za Uingereza za mchezo bora, hadithi na ubunifu. Lakini siku ulipotoka, sehemu ya alama za wachezaji kwenye Metacritic ilijaa ghadhabu.

Sababu zilikuwa kadhaa. Ndani ya mchezo kulikuwa na duka lililouza kofia na ishara za mwili kwa roboti wa sehemu ya wachezaji wawili tangu siku ya kwanza, na watu waliokwisha kulipa bei kamili walihisi wanakamuliwa. Wengine walidai ni mfupi mno, wengine kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya konsoli na wachezaji wa kompyuta wakaachiwa makombo. Kisha kulikuwa na msako mkubwa wa viazi: Valve waliwahimiza watu wacheze michezo 13 ya watengenezaji wadogo ili Portal 2 utoke mapema. Waliocheza mchana na usiku wakaona umewahi kwa saa kama kumi tu, nao wakavunjika moyo.

Lawama ya duka ilikuwa halali, ingawa vitu vile havikubadilisha uchezaji wowote. Ya ufupi haikushika, kwani waliotoa idadi ndogo ya saa mara nyingi hawakuihesabu kabisa sehemu ya wawili. Ghadhabu hiyo ilipoa ndani ya wiki chache, na leo mchezo huu ni miongoni mwa inayosifiwa zaidi na wachezaji wa Steam, duka la michezo la mtandaoni la Valve.

Unachukua muda gani?

Saa nane hadi kumi kwa hadithi ya mtu mmoja yenye sura tisa, na tano au sita nyingine kwa sehemu ya wawili. Ukiwa mtu wa kusikiliza kila kanda na kuchungulia kila kona, ongeza.

Mbona Chell hasemi neno?

Mchezo wenyewe unalijua swali hili. Mapema kabisa Wheatley anamwomba aseme neno moja, tufaha, na kitufe unachoelekezwa kubonyeza kinamfanya aruke. Wheatley, aliyekwisha kumwonya Chell kwamba huenda ubongo wake umeharibika, anasema inatosha tu.

Wengine wanasikitika kwamba mhusika mkuu hana utu. Wengine, nami nikiwamo, tunauona ukimya wake kama ukaidi. Amezungukwa na mashine zinazotamani kusikika na kusifiwa, naye hazipi chochote. Mchezaji mzoefu huanza kuhisi kwamba ukimya huo ndio unaowakera zaidi.

Sehemu ya wachezaji wawili ina thamani, au ni nyongeza tu?

Ina thamani kubwa, na wachezaji wengi huikumbuka kwa furaha kuliko hadithi kuu. Mnakuwa roboti wawili, Atlas mfupi wa mviringo na P-body mrefu mwembamba, kila mmoja na malango yake mawili. Malango manne kwenye chumba kimoja yanabadilisha kila ulichokuwa umekijua. Sasa unaweza kurushwa na mwenzako, kushikiliwa hewani na mkondo alioutega yeye, au kusagwa na mtambo kwa sababu alisogeza lango lake kabla ya wakati.

Humo ndimo ugumu uliokosekana kwingine. Humo pia ucheshi mchungu unapata sura mpya, kwani GLaDOS anajaribu kuwagombanisha. Anatoa alama kwa mmoja na kumnyang'anya mwingine bila sababu, anamsifu huyu ili yule asikie wivu. Ni roboti, kwa hiyo kufa si tatizo na mnaundwa upya papo hapo, na marafiki wengi huishia kuuana kwa makusudi na kucheza ishara za dhihaka juu ya mabaki.

Kuna sharti moja ninalolisisitiza kila mara: cheza na mtu ambaye naye hajawahi kuicheza. Mwenye kujua majibu huharibu kila chumba, hata akijitahidi kunyamaza, maana unamwona amesimama mahali sahihi akikungoja. Kama hamna budi, mwenye kujua aachie mgeni kufyatua malango yote muhimu.

Oktoba 2011 iliongezwa kozi nyingine ya bure, Peer Review, pamoja na changamoto za kumaliza vyumba kwa malango machache au kwa muda mfupi. Usiiruke.

Unafaa watoto?

Alama za umri ni miaka 10 na kuendelea Marekani, na 12 kwa mfumo wa PEGI wa Ulaya. Hakuna damu nyingi wala lugha chafu. Kilichomo ni ukatili wa maneno, na huo mzazi auamue kwa kumjua mtoto wake.

Nikipata kizunguzungu nifanyeje?

Malalamiko ya kichefuchefu ni ya kweli, hasa kwa wasiozoea kutazama dunia kwa macho ya mhusika, na kutoka kwenye malango kichwa chini kunaongeza shida. Punguza kasi ya kipanya, kaa mbali kidogo na skrini, washa taa chumbani, na pumzika mara tu unapohisi joto usoni. Ukishaanza kuhisi kichefuchefu, kuendelea hakusaidii.

Nimemaliza na nataka mafumbo magumu zaidi. Niende wapi?

Kwanza, kwenye kompyuta kuna zana ya kutengeneza vyumba iliyotolewa Mei 2012. Wachezaji wametengeneza mamia ya maelfu ya vyumba kwa zana hiyo, na Cave Johnson anarudi kukusindikiza kwa kanda mpya. Ubora unatofautiana sana, hivyo anza na vile vilivyopigiwa kura nyingi.

Halafu kuna kazi kubwa za mashabiki, za bure kwa aliye na Portal 2. Portal Stories: Mel wa mwaka 2015 ni mgumu hasa, mgumu kiasi kwamba watengenezaji waliongeza baadaye njia nyepesi kwa wanaotaka hadithi. Portal Reloaded wa Aprili 2021 unaongeza lango la tatu linalokupeleka miaka 20 mbele, na kichwa kitauma. Portal: Revolution wa Januari 2024 ni mrefu, umetengenezwa kwa uangalifu, na ndio ninaowashauri watu waanze nao.

Usisahau pia kucheza tena ukiwa umewasha maelezo ya watengenezaji, yaliyomo ndani ya mchezo wenyewe. Utasikia kwa nini chumba fulani kilibadilishwa na nini kilikatwa.

Nicheze kwenye mashine gani?

Kompyuta ya Windows au Linux, kama unayo, kwa ajili ya kazi za mashabiki. Toleo la Nintendo Switch la Juni 2022 limebeba michezo yote miwili na linaendeshwa vizuri, na watu wawili wanaweza kutumia skrini moja. Mwenye Mac mpya awe mwangalifu, kwani toleo lake la zamani halifunguki kwenye mifumo iliyoacha programu za biti 32.

Portal 3 unakuja?

Haujatangazwa. Erik Wolpaw amesema hadharani kwamba angependa utengenezwe. Aperture Desk Job wa mwaka 2022, wa bure na mfupi, ndio uliowarudisha mashabiki kwenye maabara hiyo, naye J.K. Simmons yumo.

*Kuanzia hapa mwisho wa hadithi unafichuliwa. Kama hujamaliza, rudi baadaye.*

Usaliti wa Wheatley ulikuwa wa haki, au ulilazimishwa?

Wanaosema ulilazimishwa wanaeleza kwamba anabadilika ndani ya dakika chache: anawekwa kwenye mwili wa GLaDOS, anacheka kwa furaha, na ghafla ni adui. Ni kweli badiliko ni la haraka. Ila mbegu zilikuwepo. Tangu mwanzo analalamika kudharauliwa, na jeraha linalomgeuza ni GLaDOS kumwambia kwamba aliundwa awe mjinga, ili mawazo yake mabovu yamzibe GLaDOS akili.

Kinachonishawishi ni vyumba anavyojenga baadaye. Cha kwanza ni boksi, kitufe na maandishi makubwa ukutani, na ukimaliza anataka ukifanye tena. Kisha anaanza kuiba vyumba vya GLaDOS na kuvigandisha pamoja. Tabia ya mtu imekuwa fumbo unalolitatua kwa mikono yako. Hata GLaDOS anapotamka kitendawili cha kuivunja kompyuta, Wheatley anajibu tu kwamba ni kweli na kuendelea, kwa sababu hana akili ya kutosha kukwama.

Lile tukio la mwezi: ubunifu au bahati nasibu?

Ubunifu, na sijaona mwisho wa fumbo ulioandaliwa vizuri kuliko huu. Ulishaambiwa na Cave Johnson kwamba jeli nyeupe imetokana na mawe ya mwezini na kwamba inakubali malango. Umeitumia kwa saa kadhaa. Paa linapobomoka na mwezi kuonekana, hakuna sauti inayokuelekeza. Umelala chini, kifaa mkononi, na wazo hilo linakujia wewe mwenyewe. Hata kuchelewa kidogo kati ya kufyatua na lango kufunguka kumezingatia umbali ambao mwanga unapaswa kusafiri.

Wapo wanaolalamika kwamba hapo huwezi kukosea, maana hakuna kingine cha kufyatulia. Kwangu hiyo si dosari. Mchezo ulijua wazo lenyewe ndilo ushindi, ukaacha kukutesa kwa shabaha.

Je, GLaDOS alimfuta Caroline kweli?

Anasema hivyo. Baada ya kumwokoa Chell, anaeleza kwamba amegundua Caroline yuko wapi ndani ya akili yake, na mtangazaji anathibitisha kwamba amefutwa. Walioridhika na jibu hilo wanaonyesha sehemu ya wachezaji wawili na Peer Review, ambako ni katili kama zamani.

Wanaopinga wana ushahidi wao. Mara tu baada ya kudai amemfuta, anamwachia Chell aende zake, ingawa ana kila nguvu ya kumuua. Lifti inapopanda, mizinga inaimba kwa Kiitaliano wimbo wa kumuaga mtoto mpendwa. Mwishoni Chell anatupiwa lile boksi lake la mchezo wa kwanza, alilolazimishwa kulichoma, limeungua lakini zima. Na katika wimbo wa kufunga ulioandikwa na Jonathan Coulton, GLaDOS mwenyewe anaimba kwamba Caroline yumo ndani yake.

Naamini alidanganya. Mtu aliyefuta upole wake asingejisumbua kupanga kwaya. Ukatili wake kwa Atlas na P-body haunishawishi vinginevyo, kwa kuwa Caroline ninayemsikia kwenye kanda alikuwa mtu wa kazi, aliyeamini majaribio kwa dhati, na mapenzi yake kwa Chell hayakuwa lazima yawe mapenzi kwa kila mtu.